Mgonjwa anapobadilika: anza na pumzi

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni muuguzi, nina miezi michache tangu nipangiwe idara ya dharura katika hospitali ya mkoa. Juzi usiku nilimpokea baba mmoja mwenye homa na kikohozi. Presha yake ilikuwa nzuri na alikuwa anaongea, nikamweka kitandani nikaenda kusaidia majeruhi wa bodaboda. Niliporudi nilimkuta ameshazidiwa. Wenzangu wa siku nyingi humtazama mgonjwa wakasema "huyu anabadilika" kabla hata mashine haijaonyesha kitu. Wanajuaje? Na nikimpigia daktari akaniambia "endelea kumwangalia tu", nifanye nini?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Wenzako hawapigi ramli. Wanaangalia mambo machache ambayo mashine ya presha haiyaoni, kisha wanamlinganisha mgonjwa na alivyokuwa nusu saa iliyopita. Yote mawili yanafundishika, mradi uyafanye kwa kila mgonjwa, hata yule anayeonekana mzima.

Kwanza tuliondoe hilo wazo la kwamba mtu huzidiwa ghafla. Mwaka 1990 watafiti wa Marekani walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 64 ambao moyo ulisimama wakiwa wamelazwa wodini. Walipopekua mafaili yao, walikuta kwamba asilimia 84 walikuwa wameandikiwa dalili za kuzorota au malalamiko mapya ndani ya saa nane kabla ya moyo kusimama. Asilimia 70 walikuwa wamebadilika upumuaji au fahamu. Mtu alikuwa ameziona dalili hizo na kuziandika kwa mkono wake, lakini bado moyo ulisimama. Ndiyo maana nitakujibu maswali yako yote mawili kwa uzito ule ule: kuona ni nusu ya kazi, nusu nyingine ni kumfanya mtu aje.

Sasa presha, maana ndiyo iliyokutuliza usiku ule. Mwili unapopungukiwa damu au maji, au maambukizi yanapolegeza mishipa, moyo huongeza kasi na mishipa ya mikononi na miguuni hujibana ili ubongo na moyo vipate damu. Juhudi zote hizo ni za kuizuia presha isishuke. Kwa hiyo ikishuka, ujue akiba imekwisha. Majeruhi mwenye afya anaweza kupoteza hadi karibu asilimia 30 ya damu yake huku namba ya juu ya presha ikisomeka vizuri tu. Vijana na wajawazito wanaishikilia kwa muda mrefu zaidi, halafu wanaporomoka kwa dakika chache. Angalia pengo kati ya namba mbili: presha ikitoka 120/80 ikawa 112/94, karatasi itakuambia yuko sawa, lakini mishipa imeshajibana. Mshike mkono. Ukiwa wa baridi, bonyeza ukucha kwa sekunde tano, uachie, uhesabu rangi inarudi baada ya muda gani. Ikizidi sekunde tatu, mgonjwa huyo hutakiwi kumwacha. Na kumbuka kila mtu ana kawaida yake: mzee wa shinikizo la damu ambaye kliniki huandikwa 170 kila mwezi, akiwa na 112 leo, hiyo ni shoku, yaani mzunguko wa damu unashindwa. Kama anatumia atenolol, dawa ya presha inayopunguza mapigo ya moyo, mapigo yake nayo yanaweza yasipande hata anapokufa.

Pumzi ndiyo kipimo ninachotaka ukipende kuliko vyote. Pia ndicho tunachokidharau kuliko vyote. Fungua mafaili ya wodi yoyote uone: huyu 20, yule 20, wa pembeni yake 20. Wagonjwa wote wanapumua sawasawa kama askari wa gwaride, maana yake hakuna aliyehesabiwa.

Hesabu hivi. Shika kifundo cha mkono kana kwamba unapima mapigo, mkono wake ulaze juu ya kifua au tumbo lake, tazama saa, nyamaza. Usimwambie unahesabu pumzi, kwa sababu mtu akijua anatazamwa hubadilisha anavyopumua. Hesabu dakika nzima, sio sekunde 15 kisha uzidishe mara nne. Ukikosea pumzi moja tu hapo, umekosea nne. Wakati unahesabu, macho yafanye kazi. Je, misuli ya shingo inavutika? Pua zinatanuka? Anakaa akiwa ameegemea mikono mbele? Kisha muulize kitu kinachohitaji jibu refu, kama safari ya kuja hospitali ilikuwaje. Akivuta pumzi kila baada ya maneno matatu, umeshapata jibu lako bila mashine.

Kwa nini pumzi hutangulia? Tishu zikikosa damu ya kutosha hutengeneza asidi, na ubongo hujaribu kuitoa asidi hiyo kwa kupumua haraka na kwa kina. Ndiyo sababu unaweza kumkuta mtu anapumua mara 30, mapafu ukiyasikiliza ni safi, oksijeni asilimia 98. Wengi husema ana hofu tu. Fikiria kwanza kisukari kilichotengeneza asidi, figo zilizoshindwa, malaria kali, sepsisi (maambukizi yanayofanya viungo vya mwili vianze kushindwa), damu inayovujia tumboni. Hofu iwe jibu la mwisho baada ya hayo yote kukataliwa. Na kuna kupungua kunakodanganya: mgonjwa wa pumu aliyekuwa anapumua mara 40, sasa 16, kifua kimekuwa kimya na macho yanafumba. Huyo amechoka kupumua. Hapo ita watu kwa sauti.

Tumchukue baba kama huyo wako, kwa namba za mfano, uone jinsi mwelekeo unavyosema. Saa mbili usiku: pumzi 20, oksijeni 96, mapigo 96, presha 128/78, joto 38.2, anaongea vizuri. Saa tatu: pumzi 24, oksijeni 95, mapigo 108, presha 118/74, joto 38.4, bado anaongea. Ukisoma mstari huu wa pili peke yake utasema mgonjwa wa homa, nini cha ajabu? Sasa upitishe kwenye NEWS2, mfumo wa alama uliotolewa Uingereza na Chuo cha Kifalme cha Madaktari mwaka 2012 na kuboreshwa mwaka 2017. Saa mbili alikuwa na alama 2. Saa tatu ana 5: pumzi 24 zinampa mbili, oksijeni moja, mapigo moja, joto moja. Alama 5 maana yake daktari amwone haraka, na vipimo virudiwe angalau kila saa. Presha haikuchangia hata alama moja. Saa nne mtu huyo huyo akiwa na pumzi 28, oksijeni 93, mapigo 118, presha 106/70, joto 38.6 na ameanza kuchanganyikiwa, ana alama 12, wakati 7 tu inatosha kuita timu ya dharura. Saa tatu ndiyo ilikuwa saa ya kumwokoa kwa urahisi.

NEWS2 ni ya watu wa miaka 16 na kuendelea, na haitumiki kwa wajawazito. Idara nyingi za Afrika zinatumia mfumo wa Afrika Kusini uliozaliwa Cape Town, unaopanga wagonjwa kwa uharaka wao kwa rangi nyekundu, chungwa, njano na kijani. Alama zake hazihitaji kifaa cha kupima oksijeni, kwa hiyo hata kituo kisicho nacho kinaweza kuutumia. Tumia ule uliopo kwenye idara yako, usianzishe wa kwako. Ila jua udhaifu wa mifumo yote: hakuna unaomjua mzee wetu wa 170, na hakuna unaokukataza kuwa na wasiwasi alama zikiwa ndogo.

Kuhusu fahamu, mabadiliko ya mwanzo ni madogo kuliko yale ya kipimo cha koma tulichokariri chuoni. Anavua maski ya oksijeni kila ukimvalisha. Anavuta-vuta shuka. Anataka kutoka nje "apate hewa", au anataka choo sasa hivi wakati dakika kumi zilizopita hakuwa na haja. Anakuita mama. Anakuambia, "Sista, mimi nakufa." Mgonjwa akikuambia hivyo, acha unachofanya, umpime upya kila kitu. Na mgonjwa anayehangaika asichomwe diazepamu ili atulie kabla hujajua oksijeni yake, sukari yake, presha yake, na kama kibofu hakijajaa. Ukimtuliza mtu anayehangaika kwa kukosa hewa, umeondoa dalili na kumwachia ugonjwa.

Kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni nacho ukijue. Mikono ya baridi, rangi ya kucha na piko nyeusi vinaweza kuharibu usomaji. Hamishia kidole kingine au sikio. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi kifaa hicho kilishindwa kugundua upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wazungu, kikisoma juu kuliko hali halisi. Kwa ngozi zetu, 93 isikupe usingizi. Mtoto mwenye upungufu mkali wa damu, gramu 4 tu, anaweza kusoma asilimia 100 na bado viungo vyake vina njaa ya oksijeni. Na familia iliyolala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa itasoma vizuri kabisa huku ikiwa na sumu ya hewa ya mkaa (kaboni monoksidi), kwa sababu kifaa hakiwezi kutofautisha hewa hiyo na oksijeni. Hao wape oksijeni nyingi, namba iseme inachosema.

Kwa watoto nitakuwa mfupi, maana wanahitaji jibu lao. Pumzi za haraka ni 60 au zaidi kwa dakika chini ya miezi miwili, 50 au zaidi hadi kabla ya mwaka mmoja, 40 au zaidi kuanzia mwaka mmoja hadi kabla ya miaka mitano. Asiyenyonya wala kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, aliyelegea asiyeamka vizuri: huyo hapangi foleni.

Umeshamwona anabadilika. Fanya nini? Ita msaada kwanza kabla ya kuanza lolote, hata kama ni mhudumu mmoja tu anayepita. Kisha fuata mpangilio ule ule kila mara: njia ya hewa, kupumua, mzunguko wa damu, fahamu pamoja na sukari, halafu mvue nguo umwone mwili mzima. Ukikuta tatizo, litibu hapo hapo kabla ya kusonga mbele. Mkalishe kama fahamu zipo, kama anatapika au anakoroma mlaze ubavu. Oksijeni kwa maski ya kawaida ni lita 6 hadi 10 kwa dakika, kwa maski yenye mfuko lita 10 hadi 15, na uhakikishe mfuko umejaa kabla ya kumvalisha. Damu inayotoka nje igandamize kwa mkono wako, usiache kwa ajili ya kutafuta kanula (mrija wa kuwekwa mshipani). Weka kanula mbili nene, kijivu au kijani. Ukishuku sepsisi, damu ya kuotesha vijidudu maabara ichukuliwe kama ipo nafasi, na kama kuna shoku, antibayotiki iingie ndani ya saa moja.

Kwenye dripu nenda kwa akili. Tulifundishwa kwamba presha ya chini dawa yake ni maji mengi kwa kasi, kisha utafiti wa nyumbani ukatugeuza. Ule uitwao FEAST, uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania na kuchapishwa mwaka 2011, uliwahusisha watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za mzunguko wa damu kushindwa. Waliopewa maji kwa kasi walikufa zaidi: takribani asilimia 10.6 ndani ya saa 48, ikilinganishwa na 7.3 kwa waliopewa dripu ya kawaida ya polepole. Mwaka 2017 utafiti wa Zambia kwa watu wazima wenye sepsisi na presha ya chini, wengi wao wakiwa wanaishi na virusi vya UKIMWI, ulikuta vifo asilimia 48.1 kwa waliomiminiwa maji mengi mapema na dawa za kupandisha presha, na 33.0 kwa waliopata huduma ya kawaida. Hii haina maana tuwanyime maji wanaoharisha au wanaovuja damu. Maana yake ni kwamba dripu ni dawa yenye dozi. Daktari akiagiza nusu lita, ikiisha usifungue nyingine kwa mazoea. Rudi uhesabu pumzi, usikilize mapafu chini nyuma, uangalie oksijeni. Pumzi zikipanda baada ya maji, funga, ita.

Sasa simu ya daktari. Ukisema "daktari, mgonjwa wa kitanda cha sita hali yake sio nzuri," umempa sababu ya kukuambia uendelee kumwangalia. Ziko hatua nne zilizoanzia kwa wanamaji wa Marekani kwenye nyambizi za nyuklia, hospitali zikazichukua: hali ilivyo sasa, historia fupi, unavyofikiri wewe, na unachoomba. Kwa lugha yetu inakuwa hivi:

"Daktari, ni sista wa dharura, nakupigia kuhusu kitanda cha sita, anazidiwa. Ni baba wa miaka 52, homa na kikohozi siku nne. Saa mbili alikuwa anapumua mara 20, sasa ni 28. Oksijeni imetoka 96 hadi 93, mapigo 118, presha 106 kwa 70, na ameanza kuchanganyikiwa. Nafikiri ni nimonia iliyoleta sepsisi. Nimemkalisha, oksijeni ipo, kanula zimeingia. Naomba uje umwone sasa hivi, na uniambie kama nianze antibayotiki kabla hujafika."

Sehemu mbili za mwisho ndizo wauguzi tunazoogopa kusema, tukidhani tunavuka mipaka. Zitamke. Daktari aliyeko chumba cha upasuaji hana macho kitandani kwako, ana maneno yako tu.

Akikujibu "endelea kumwangalia," muulize kwa heshima maswali matatu: niangalie nini hasa, kila baada ya dakika ngapi, na ikifika ngapi unakuja? Mara nyingi, akiwa anatafuta majibu, mwenyewe husema "nakuja." Asipokuja na namba zikaharibika, piga tena na useme waziwazi: "Daktari, nina wasiwasi, mgonjwa huyu hayuko salama." Bado kimya? Mwambie muuguzi kiongozi wa zamu, naye apande kwa bingwa wa zamu. Usisubiri asubuhi kwa kuogopa lawama. Hospitali ya Liverpool huko Sydney iliamua mwaka 1990 kwamba muuguzi anaweza kuita timu ya dharura moja kwa moja bila ruhusa ya mtu, na wasiwasi mkubwa wa mhudumu ukakubaliwa kuwa sababu inayojitosheleza. Hospitali nyingi duniani zimefuata. Zetu nyingi bado, na kwa maoni yangu hili ni deni la viongozi wa hospitali. Halina gharama ya mashine, linahitaji barua moja ya mganga mfawidhi na namba moja ya simu inayopokelewa.

Ndugu wa mgonjwa usiwafungie nje kabla hujawauliza. Wewe umemjua huyo baba kwa dakika ishirini, mkewe amemjua miaka. "Mama, unamwonaje leo? Ndivyo alivyo siku zote?" Akikujibu "huyu siye yeye," liandike kama kipimo. Queensland, Australia, tangu mwaka 2013 familia ina haki ya kuomba mgonjwa apitiwe upya ikiona anazorota, na Uingereza ilianza utaratibu kama huo mwaka 2024. Yote mawili yalianzishwa baada ya mtoto kufariki ilhali wazazi walikuwa wameshasema kwamba hali si nzuri.

Kuna mahali pawili ambapo wagonjwa hutuponyoka. Pa kwanza ni benchi la kusubiria. Rangi aliyopewa saa moja si rangi yake saa tatu. Wa njano anatakiwa aonwe ndani ya saa moja; ikipita, mpime upya. Kila unapopita kwenye benchi watazame nyuso na vifua, na aliyelala ambaye mwanzo alikuwa amekaa, mwamshe. Pa pili ni korido: mgonjwa anapelekwa eksirei au wodini akiwa na mhudumu asiyejua kitu, mtungi wa oksijeni umebaki ukutani. Asitoke kabla hujampima, na kama alama zake zinapanda, asitoke kabisa mpaka daktari amwone.

Fani hii ya huduma ya dharura kwetu ni changa. Idara ya dharura ya Muhimbili ilifunguliwa mwaka 2010, kwa hiyo wauguzi wengi wazoefu uliowakuta hospitalini kwako walijifunza haya kazini, bila darasa. Wewe omba darasa. Kuna kozi fupi ya huduma ya msingi ya dharura iliyotolewa mwaka 2018 na Shirika la Afya Duniani pamoja na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, ambayo kabla ya kutolewa ilijaribiwa Tanzania, Uganda na Zambia. Mwambie inchaji wako aiombe.

Mwisho, faili. Andika saa, namba zote, ulichofanya, uliyempigia, alichojibu, na saa aliyofika. Zamu ikiisha, mgonjwa unayemwogopea usimkabidhi mezani. Mpeleke anayekupokea mpaka kitandani, mhesabu pumzi pamoja, na namba hiyo muiandike kabla hujaaga.